Sambamba Zisizokutana: Uhakiki wa Istilahi za Saketi za Umeme

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imesonga mbele hatua kwa hatua. Orodha za Tafsiri Sanifu zilianza kutolewa katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi iliyokusanya pamoja istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Kwa hiyo hapana haja ya kubishana tena na wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea umeme. Maneno yapo. Makala haya yanakusudia kuuliza swali jingine, nalo ni hili: maneno hayo yakishafika mikononi mwa mtu anayeunga waya, je, humwongoza au humpoteza?

Swali hili tulilipata Itigi. Mji huo uko katika mkoa wa Singida, magharibi ya Manyoni, kwenye Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912, na umezungukwa na vichaka vinene ambavyo wataalamu wa mimea huviita kwa jina la mji wenyewe. Tulipokuwa huko tuliingia katika kibanda cha fundi mmoja aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio, na ambaye sasa hufunga pia mitambo midogo ya umeme wa jua. Ana vijana watatu anaowafundisha kazi. Kwa ajili yao ameandika daftari la kurasa arobaini na kitu, kwa mkono, kwa Kiswahili, lenye kanuni za msingi za saketi na mifano ya kukokotoa. Alitupa tulisome kwa sharti moja: tulirudishe likiwa na masahihisho ya lugha, maana, alisema, sisi ndio watu wa maneno.

Tulilisoma daftari hilo kama tunavyosoma mswada wowote unaoletwa mezani kwetu. Tunakiri kwamba tulilifungua tukitazamia kulisahihisha, lakini katika sehemu kadhaa ni lenyewe lililotusahihisha sisi. Yafuatayo ni maoni yetu juu ya daftari hilo na juu ya istilahi ambazo vitabu vyetu vimekwisha kuzizoea.

I. Kanuni zenyewe

Kanuni zinazohusika ni chache. Ya kwanza ni ile ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827: katika kipitishi ambacho hali yake haibadiliki, hasa joto lake, mkondo huongezeka sawasawa na volteji. Kwa hesabu, volti ni ampea mara omu. Nyingine mbili ni za Gustav Kirchhoff, aliyezieleza mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi. Moja yasema kwamba mahali popote waya zinapokutana, mkondo unaoingia ni sawa na mkondo unaotoka. Ya pili yasema kwamba ukiizunguka saketi hadi kurudi pale ulipoanzia, volteji zilizopandishwa na betri ni sawa na volteji zilizoshuka katika vifaa.

Daftari la Itigi linaziita zote sheria, na vitabu vingine hufanya hivyo. Sisi tunapendelea kanuni. Sheria hutungwa na Bunge, huvunjwa na watu, na mvunjaji huadhibiwa. Lakini waya hauwezi kushitakiwa. Aidha, balbu ya uzi haifuati kanuni ya Ohm kikamilifu, kwa kuwa uzi wake ukipata moto ukinzani wake huongezeka sana, na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hiyo ni sheria atadhani kwamba mita yake imeharibika. Hata hivyo jambo hili ni dogo, na hatukusudii kulikalia. Makosa makubwa yako kwingine.

II. Mfuatano au mfululizo?

Vikinza viwili vikiungwa hivi kwamba mkondo hauna njia nyingine ila kupita katika cha kwanza kisha katika cha pili, vitabu vyetu huuita muungano huo kwa majina mawili: mfuatano na mfululizo. Maneno hayo hutumika kana kwamba ni pacha, hata katika kitabu kimoja. Daftari la fundi linatumia mfuatano peke yake.

Tuliwauliza vijana wake swali jepesi. Balbu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfuatano kwenye betri moja. Ipi itawaka zaidi? Wawili kati ya watatu walijibu kwamba ni ile ya mbele, kwa sababu ndiyo inayotangulia kuupata umeme, na ya nyuma hupata mabaki. Jibu hilo si sahihi. Mkondo ni mmoja katika saketi nzima, wala haupungui kwa kupita katika balbu, na balbu hizo huwaka sawa. Lakini kosa hilo halikuzuka tu. Neno lenyewe limelialika. Katika Kiswahili wanaofuatana wana wa mbele na wa nyuma, na katika foleni ya sukari anayetangulia ndiye ahudumiwaye kwanza, na wa mwisho huweza kukuta gunia tupu. Ongeza juu ya hapo msemo wetu wa kila siku kwamba jiko fulani linakula umeme, na kijana atakuwa na picha kamili, iliyo wazi na yenye makosa, ya mkondo unaoliwa kidogo kidogo njiani. Kinachotumika ni nishati. Mkondo hurudi betrini kama ulivyotoka.

Mfululizo hauna kasoro hiyo. Mvua ya mfululizo haina ya mbele wala ya nyuma. Sifa yake ni kutokatika. Na ndiyo sifa hasa ya muungano huu: njia ni moja, na ikikatika mahali pamoja, imekatika yote. Kwa hiyo tunashauri kwamba mfululizo libaki kuwa istilahi pekee ya muungano huu, na mfuatano liachiwe hesabu, ambako mpangilio wa namba una maana yake.

III. Sambamba

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Vikinza vinavyogawana mkondo huitwa katika vitabu vyote tulivyovisoma kuwa vimeungwa sambamba. Neno hili limetulia kiasi kwamba sisi wenyewe hatukuwahi kulitilia shaka. Kijana mmojawapo wa kibanda kile, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyetutia shaka. Alisema kwamba shuleni alifundishwa kuwa mistari sambamba ni ile isiyokutana hata ikirefushwa namna gani, na mwalimu alimwonyesha reli za pale Itigi. Sasa fundi anamwambia kwamba vikinza sambamba lazima vikutane, tena mara mbili. Aliuliza aamini lipi.

Hatukuwa na jibu la haraka. Somo la hisabati limelifunga neno sambamba kwa maana ya kutokutana, na somo la umeme linalitumia kwa muungano ambao uhai wake wote ni kukutana. Vikinza viwili huwa sambamba kwa sababu moja tu: vinashirikiana ncha zote mbili. Mwanzo wa hiki umegusana na mwanzo wa kile, na mwisho wa hiki na mwisho wa kile. Namna vilivyochorwa haihusiki. Vyaweza kuchorwa ubavu kwa ubavu, kimoja kimelala na kingine kimesimama, hata kimoja huku na kingine upande wa pili wa karatasi.

Ili kuona kama neno linapotosha kweli, tulichora picha mbili. Katika ya kwanza, kikinza cha omu 4 na kikinza cha omu 12 vilisimama wima, bega kwa bega, vikiwa vimeungwa juu tu, na betri ya volti 12 ikaungwa kati ya ncha zao za chini. Katika ya pili, vikinza vile vile vilichorwa vikiwa vimeelekeana kama herufi V, lakini ncha zote za kila upande ziliunganishwa kwa waya. Vijana wote watatu, akiwamo mmoja aliyemaliza kidato cha nne na aliyeweza kutamka kanuni zote kwa Kiingereza bila kukwama, walisema kwamba picha ya kwanza ndiyo sambamba.

Hesabu inaonyesha uzito wa kosa hilo. Picha ya kwanza ni mfululizo: ukinzani wa jumla ni omu 16, mkondo ni ampea 0.75, kikinza cha omu 4 kinapata volti 3 na kile cha omu 12 kinapata volti 9, na jumla yake ni 12, kama Kirchhoff anavyotaka. Picha ya pili ndiyo sambamba: kila kikinza kinapata volti 12 nzima, cha omu 4 kinapitisha ampea 3, cha omu 12 kinapitisha ampea 1, na betri inatoa ampea 4. Ukinzani wa jumla ni omu 3, yaani ni mdogo kuliko hata kile kidogo peke yake. Mwenye kuzichanganya picha hizo mbili amekosea mkondo kwa zaidi ya mara tano.

Kwenye betri ya volti 12 kosa la namna hiyo huweza kuunguza fyuzi. Katika nyumba yenye umeme wa volti 230 huweza kuunguza nyumba. Soketi zote za waya mmoja wa ekstensheni zimeungwa sambamba, ingawa kwa macho zimepangwa moja baada ya nyingine, kama mabehewa. Pasi ya wati 1000 ina ukinzani wa omu 53 hivi, na jiko la wati 2000 lina omu 26 hivi. Anayeamini kwamba vifaa hivyo vimefuatana atajumlisha apate omu 79, aseme kwamba ukinzani umeongezeka, kwa hiyo mkondo umepungua na waya uko salama. Ukweli ni kinyume kabisa. Ukinzani wa jumla umeshuka hadi kama omu 18, na mkondo umepanda kutoka ampea 4 na kitu za pasi peke yake hadi ampea 13. Kwa kuwa joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, mkondo ulioongezeka mara tatu huupa waya joto mara tisa. Hapo hatubishani tena juu ya uzuri wa maneno.

Fundi wetu alikuwa amekwisha kuiona hatari hiyo, ijapokuwa hakuieleza kwa lugha ya kitabu. Pembeni ya neno sambamba, katika daftari lake, ameandika maneno yake mwenyewe: mfululizo anauita njia moja, na sambamba anauita njia ya kupishana. Ameyachota stesheni. Reli ya njia moja, ikifika kituoni, hugawanyika ili treni mbili zipishane, kisha njia hizo huungana tena na kuwa moja. Umbo hilo ni sawasawa na umbo la saketi tunayoizungumzia, maana lina mahali pa kugawanyika na mahali pa kuungana. Neno tawi, linalopendekezwa na baadhi ya watu, halina sifa hiyo, kwa kuwa tawi la mti huachana na shina na lisirudi. Njia panda nayo huachanisha wasafiri, wala haiahidi kwamba watakutana.

Hata hivyo hatuwezi kulipitisha neno la fundi kama lilivyo. Kupishana, kwa mtu wa reli na kwa mtu wa barabara, ni kwenda pande zilizo kinyume, ilhali mikondo katika vikinza sambamba huelekea upande mmoja. Kwa umbo, neno hili ni bora kuliko letu. Kwa mwendo, linaleta kosa jipya. Tukilichukua tutakuwa tumeziba ufa mmoja na kufungua mwingine.

IV. Kitu na kipimo chake

Kasoro ya tatu iko katika daftari na katika vitabu vilevile. Neno ukinzani hutumika mara kwa kifaa na mara kwa sifa ya kifaa hicho. Daftari linamwagiza mwanafunzi aunge ukinzani wa omu 4 na ukinzani wa omu 12, kisha linamwuliza ukinzani ni kiasi gani. Mwanafunzi makini atauliza ni upi unaoulizwa. Kibandani tatizo hilo halipo, kwa kuwa kifaa chenyewe wote hukiita rezista, na ndiyo sababu maneno ya kibandani hufanya kazi pale ambapo sentensi ya daftari inakwama. Sisi katika makala haya tumetumia kikinza kwa kifaa na ukinzani kwa sifa yake, na msomaji atakuwa ameona kwamba hakupotea. Neno rezista halina ubaya, na fundi asilaumiwe kwa kulitumia. Lakini kikinza kina faida ya kuonyesha udugu wake na kitenzi kukinza, na vivyo hivyo kipitishi na kupitisha.

Lililo zito zaidi ni neno nguvu. Katika ukurasa mmoja wa daftari, nguvu ni volti. Katika mwingine ni ampea. Na mbele kidogo, panapoelezwa majiko na pasi, nguvu ni wati. Mtaani nako tunasema umeme una nguvu kidogo leo, na hakuna ajuaye kama tunasema juu ya volteji iliyoshuka au mita iliyokaribia kuisha. Fundi alitusimulia mteja aliyelalamika kwamba taa iliyo mbali na betri ilikuwa na nguvu kidogo, naye kijana mmoja akatoka mbio kwenda kutafuta betri kubwa zaidi. Betri haikuwa na kosa. Waya mwembamba uliokwenda hadi uani ulikuwa na ukinzani wake, nao umeungwa kwa mfululizo na taa. Waya wenye omu 0.2, kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 10, hubakiza volti 2 njiani, na mtumiaji wa mwisho hupata 10 badala ya 12. Dawa yake ni waya mnene. Lau kijana angeambiwa kwamba volteji imeshuka, na si kwamba nguvu ni kidogo, angeutazama waya kabla ya kuitazama betri, na mteja asingeingia gharama.

V. Mapendekezo

Baada ya kulipima daftari na kujipima wenyewe, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mfululizo liwe istilahi pekee ya muungano wa njia moja, na mfuatano lisitumike katika saketi.

Pili, sambamba libaki. Tulishawishika kulitupa, lakini tumeona kwamba limekwisha kuota mizizi shuleni, na istilahi iliyozoewa na maelfu ya wanafunzi haing'olewi kwa kasoro inayoweza kutibika kwa fasili njema. Tiba yenyewe ni kwamba kila kamusi na kila kitabu kieleze wazi kuwa vikinza sambamba ni vile vinavyoshirikiana vifundo viwili vilevile, na kionye kwamba maana hii si ile ya hisabati. Vielelezo navyo visichorwe kwa mtindo mmoja wa ngazi, maana picha moja ikirudiwa kila mahali hugeuka kuwa fasili.

Tatu, kifundo liingizwe rasmi kwa mahali waya zinapokutana, na kitanzi kwa njia inayozunguka hadi ilipoanzia. Bila maneno hayo mawili kanuni za Kirchhoff haziwezi kutamkwa kwa Kiswahili kifupi. Tukiwa nayo zinatosha sentensi mbili: kifundo hakibakizi mkondo, na kitanzi hakibakizi volteji.

Nne, kikinza na ukinzani vitenganishwe, na neno nguvu lisitumike kamwe kwa volti wala kwa ampea.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi bure, kwa kuwa fizikia ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza. Twakumbuka kwamba Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na kwamba pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini umeme haukusubiri uamuzi huo. Umefika vijijini, juu ya mapaa na chini ya vitanda, na anayeufunga mara nyingi ni kijana aliyejifunza kwa Kiswahili, kutoka kwa fundi aliyejifunza kwa Kiswahili. Yule wa kidato cha nne aliyezitamka kanuni zote kwa Kiingereza alikosea picha ileile waliyoikosea wenzake. Kwa hiyo fasili mbaya katika lugha yetu haitibiwi na fasili nzuri katika lugha nyingine.

Daftari tumelirudisha Itigi likiwa na masahihisho, kama tulivyoahidi. Mahali pa njia ya kupishana hatukufuta neno la fundi. Tumeandika chini yake fasili ya vifundo viwili, na kumwomba awachoree vijana picha zetu mbili kabla ya kuwapa waya. Nasi tumebaki na nakala ya maneno yake. Tunawaomba walimu, mafundi na wasomaji wengine watuandikie maneno wanayoyatumia wao kwa muungano huu, hasa wale walio mbali na reli, ili tuone kama liko neno lenye umbo la stesheni lisilo na kasoro ya kupishana.